Sangara naye apewe cheti, kama jodari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo wenzangu wa hapa Jinja wataliona la ajabu: wanaolinda jodari katika Bahari ya Hindi wametutangulia mbali, na sisi wa Ziwa Victoria tungefanya vyema kuwaiga kabla sangara hajatuishia mikononi.

Nijitambulishe kwanza. Nilifanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa mjini, nikaanza kwa kupanga madaraja ya samaki mezani, nikamalizia kwenye ukaguzi wa ubora mpaka nikastaafu. Siku hizi nanunua na kuuza samaki wakavu kwenye mwalo wa Masese, pale mashua zinaposhushia samaki. Wateja wangu wanatoka Kongo, Kenya na Tanzania, na wote tunaelewana kwa Kiswahili. Baraza la mawaziri lilipokipitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi ya Uganda, sisi wa mwaloni tulikuwa tumeshakitumia miaka mingi kuhesabiana pesa na kutukanana.

Vijana wa mwaloni wananiuliza, "Mzee, bahari iko Mombasa huko, jodari anatuhusu nini?" Huwa nawaonyesha kopo. Lile nililonunua dukani hapa Jinja lina maandishi madogo ubavuni: jina la kitaalamu la samaki, Katsuwonus pelamis, ambaye ni jodari mdogo anayejaza makopo mengi ya dunia, nchi alikopikiwa, halafu namba 51. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeyagawa maji ya dunia kwa namba, na 51 ni magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani maji yaliyo mbele ya Somalia, Kenya, Tanzania na Msumbiji mpaka ng'ambo ya Seychelles. Samaki wa jirani zetu kaenda kupikwa Asia, karudi Afrika Mashariki ndani ya kontena, kapanda lori, na sasa anauzwa rafu moja na sabuni za kufulia. Uganda tunamla. Basi anatuhusu.

Shida ya jodari ni kwamba hatulii. Leo yuko maji ya Somalia, baadaye Seychelles, halafu bahari kuu ambayo haina mwenyewe. Nchi moja ikimlinda na ya pili ikimvua ovyo, ile ya kwanza imefanya kazi ya bure. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 64, ukaweka samaki wanaohama mbali katika fungu lao: jodari, sulisuli, papa wa bahari kuu na wenzao. Nchi za pwani na nchi zenye meli zinatakiwa kushirikiana kuwasimamia. Kwa upande wetu wa dunia kazi hiyo inafanywa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyoanza mwaka 1996 na yenye ofisi zake Seychelles. Kenya imo, Tanzania imo. Uganda haimo.

Mimi kama mtu wa ukaguzi, kinachonivutia ni mahali wanapoweka jicho. Hawamngojei mvuvi ufukweni na kiboko. Meli yenye urefu wa mita 24 au zaidi lazima iwe kwenye orodha ya Kamisheni. Isiyo kwenye orodha haina ruhusa ya kuvua jodari. Inabeba kifaa cha satelaiti kinachoeleza iko wapi. Nahodha anajaza daftari: amevua nini, wapi, kiasi gani. Akitaka kuingia bandarini anaomba mapema, na bandari inaweza kumkagua au kumfungia mlango. Hilo la bandari limepewa nguvu na mkataba wa FAO uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kazi Juni 2016. Waliouandika walijua wanachokifanya, kwa sababu mwizi wa samaki anaweza kujificha baharini miezi, lakini siku moja lazima ashushe mzigo.

Na nguvu peke yake haitoshi. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kukumbushwa habari za "samaki wa Magufuli". Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wa uchumi wa Tanzania, yaani bahari ambayo samaki wake ni haki ya nchi hiyo, ikidaiwa kuvua bila leseni, tumboni ina karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. John Magufuli ndiye alikuwa waziri wa uvuvi. Samaki wakagawiwa kwenye taasisi za umma, na hata huku Uganda tulishangilia kwamba Mwafrika naye kamshika mtu. Nahodha na wakala wakatiwa hatiani mwaka 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu kwa dosari za mwenendo wa kesi. Samaki walikuwa wameshaliwa, meli ikachakaa bandarini, na mjadala uliobaki ukawa ni nani amlipe nani. Tanzania haikukata tamaa. Mwaka 2018 ilishirikiana na shirika la Sea Shepherd katika doria waliyoiita Operesheni Jodari, na mwaka huohuo nahodha wa meli ya Malaysia, Buah Naga 1, akahukumiwa kwa mapezi ya papa yaliyokutwa ndani ya meli yake.

Sisemi kule baharini mambo ni shwari. Kanuni ya Kamisheni inataka waangalizi wawepo kwenye asilimia 5 tu ya shughuli za meli hizo kubwa. Katika kiwanda changu ningekagua kreti 5 kati ya 100 na kuzifumbia macho 95, ningefukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Jodari wa mapezi ya njano alitangazwa mwaka 2015 kuwa anavuliwa kupita kiasi, na mpango wa kumnusuru ukapitishwa mwaka uliofuata, lakini baadhi ya nchi zikaupinga na kujitoa kwenye viwango. Halafu kuna maboya ya kuelea ambayo meli za nyavu za kuzungushia huyaachia baharini ili samaki wakusanyike chini yake, wakubwa kwa watoto. Februari 2023 wanachama walikutana Mombasa, wakapiga kura maboya hayo yasimamishwe siku 72 kila mwaka. Nchi za pwani zilishinda kura. Umoja wa Ulaya, wenye meli kubwa za Hispania na Ufaransa, ukawasilisha pingamizi kama kanuni za Kamisheni zinavyoruhusu, wengine wakafuata, na ushindi wa Mombasa ukayeyuka. Ajabu ni kwamba Ulaya hiyohiyo ndiyo inayotufundisha ukaguzi.

Hata hivyo iko mahali dawa ilifanya kazi, na ni vizuri tuisome. Jodari mkubwa wa Atlantiki, yule anayegombewa na Wajapani kwa bei za kutisha, alikuwa ukingoni. Kamisheni ya Atlantiki, yenye ofisi Madrid, iliweka mpango wa kumrudisha mwaka 2006. Mashariki ya Atlantiki na Mediterania samaki wa chini ya kilo 30 hakuvuliwa tena, isipokuwa katika shughuli chache zilizotajwa. Kuanzia mwaka 2008 kila mzigo ukatakiwa uwe na hati inayoufuata kutoka majini mpaka kwa mnunuzi, na baadaye hati hiyo ikahamia kwenye kompyuta. Jodari waliokamatwa wakiwa hai na kuhamishiwa kwenye vizimba vya kunenepeshea huko Malta na kwingineko hupigwa picha na kamera pacha chini ya maji wanapopita kwenye lango la wavu, ili mtu asiseme wamepita 500 kumbe ni 900. Asiye na hati hauzi. Mwaka 2021 shirika la uhifadhi la IUCN likamtoa samaki huyo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Sasa turudi ziwani. Sheria ya kwetu inasema sangara asipungue inchi 20 na sato, ambaye sisi tunamwita ngege, asipungue inchi 11. Kipimo ni ubao wenye ukingo upande mmoja na rula ya bati iliyopigiliwa misumari. Pua inagusishwa kwenye ukingo, mkia unalazwa juu ya rula. Sangara aliyetoka kwenye barafu hukakamaa, mkia ukajikunja kidogo, kwa hiyo mwenye mkono mzoefu akiukandamiza kwa kiganja anaipata nusu inchi. Asiyempenda mwenye samaki anauacha ulivyo. Nimeona mabishano makali kwenye ubao huo kuliko kwenye uchaguzi wa diwani. "Mzee, huyu kabakisha kidogo, mpe siku nyingine," mvuvi anasema. Siku nyingine ipi, na samaki amekwisha kufa?

Na hilo ndilo tatizo la kulinda samaki kwa ubao peke yake: unamkuta akiwa amekufa. Serikali ilipopeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017, nyavu haramu na mashua za chini ya futi 28 zilichomwa kwa wingi. Sitasema haikusaidia kitu. Sangara wakubwa walionekana tena, na viwanda vilivyokuwa vimepungukiwa vikapata mzigo. Lakini angalia nani aliyelipa. Aliyechomewa mashua ni mvuvi na vibarua wake. Mwenye pesa aliyemkopesha nyavu na injini hakuguswa, wala dalali aliyekuwa anangoja visiwani na pesa taslimu. Nimekaa kwenye biashara hii muda mrefu na sijawahi kuona lori likichomwa.

Bondo la sangara ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kifuko kile cha hewa kikikaushwa kinapelekwa Hong Kong na China, na kilo yake inaizidi kilo ya minofu kwa bei mara nyingi. Bondo kubwa hutoka kwa samaki mkubwa, na samaki mkubwa ndiye mzazi. Bondo linaingia kwenye mfuko wa shati. Hakuna ubao wa kulipima.

Hapa sasa nieleze kitu ambacho wengi nje ya viwanda hawakijui. Tangu Januari 2010 Umoja wa Ulaya hauruhusu samaki wa baharini waliovuliwa na meli kuingia kwake bila cheti cha uvuvi, karatasi inayoonyesha ni meli gani iliyowavua, kwa leseni ipi, wapi na lini, nayo imethibitishwa na nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Nchi inayolegea inaonyeshwa kadi ya njano, ikizidi inapata nyekundu na samaki wake wanafungiwa. Sri Lanka waliipata nyekundu wakaja kusamehewa mwaka 2016. Komoro waliipata mwaka 2017. Lakini sheria hiyohiyo imewaacha nje samaki wa maji baridi. Sangara wetu hahitaji cheti hicho. Kwa miaka yote niliyokagua minofu, kila sanduku lililokwenda Ulaya lilikuwa na cheti cha afya, na kwenye afya tulikuwa wakali kweli: joto la samaki, maji ya kuoshea, kucha za wafanyakazi, buti. Ukiniuliza samaki yule alivuliwa na mashua ipi, nisingeweza kukuambia. Hakuna aliyeniuliza.

Mtu atasema kuna kibali cha kusafirisha samaki. Kipo, na nimevishika vingi sana, vingine vikiwa vimelowa damu na barafu hata wino hausomeki. Kibali kinaeleza lori na mwalo. Lori moja linabeba samaki wa mashua nyingi, na kabla ya lori kuna mashua ya barafu iliyozunguka visiwa vya Buvuma au Kalangala ikikusanya kwa kila mtu. Mwenye inchi 20 na mwenye inchi 14, mwenye leseni na asiye nayo, wanachanganyikia kwenye barafu moja, na kuanzia hapo hakuna mkaguzi duniani anayeweza kuwatenganisha.

Wenye viwanda watanikasirikia, lakini wanajua ukweli kwamba mlango wao ndio mahali rahisi pa kusimamia ziwa hili. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko kwa shaka kwamba samaki wanavuliwa kwa sumu, hakuna askari aliyetumwa ziwani kutoka Brussels. Mlango ulifungwa upande wa mnunuzi, na sisi huku tukabaki tukifagia sakafu kavu, wengine wakarudishwa nyumbani. Ndani ya miezi michache ukaguzi ambao serikali ilishindwa kuupanga kwa miaka ukawa umepangwa. Maabara zikapatikana. Mialo ikaezekwa na kusakafiwa. Sikuifurahia njaa ya mwaka ule, ila nilijifunza nguvu iko wapi.

Kwa hiyo naomba hivi. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa mkataba wa mwaka 1994, lina ofisi zake hapahapa Jinja. Kutoka Masese unafika kwa boda. Liwaambie mawaziri wa nchi hizo tatu wakubaliane juu ya cheti kimoja cha uvuvi wa sangara. Namba ya mashua, mwalo, tarehe, kilo, aliyenunua. Mvuvi anapouza kisiwani anakatiwa, mashua ya barafu inabeba vyeti pamoja na mzigo, kiwanda hakipokei kilo isiyo na cheti, na bondo halisafirishwi bila cheti cha samaki lilikotoka. Orodha ya mashua nayo iwe moja kwa ziwa zima. Sensa ya mashua na wavuvi inafanywa tangu mwaka 2000, kwa hiyo kuhesabu tunajua. Tatizo ni kwamba kila nchi ina daftari lake na kipimo chake. Mashua ambayo Uganda ni fupi mno nimeikuta upande wa majirani ikivua mchana kweupe, na sangara hajui amevuka mpaka. Tungekuwa na orodha moja, hata ule ugomvi usiokwisha wa wavuvi wa Migingo, kisiwa kinachogombewa na Kenya na Uganda, ungekuwa na karatasi ya kuanzia mazungumzo.

Nimeshayasikia maneno ya wapinzani. Kwamba mvuvi hajui kuandika: anajua kutuma pesa kwa simu na kudai chenji yake mpaka shilingi ya mwisho. Kwamba vyeti vitauzwa: vitauzwa, ndiyo. Hata vya baharini vinaghushiwa, ndiyo maana Ulaya imeamua kwamba kuanzia Januari 2026 vipite kwenye mfumo wa kompyuta, ili cheti kimoja kisitumike kuingizia mizigo miwili. Cheti cha uongo angalau kinaacha jina la aliyekiandika. Mashua ikichomwa inaacha majivu. Swali gumu zaidi ni la dagaa, tunaowaita mukene. Hao hawapiti kiwandani. Wanaanikwa mchangani, wanaingia kwenye magunia, wanakwenda Kongo na Sudan Kusini kwa mikono mingi mno, yangu ikiwemo, na kwa hao sioni cheti kikifanya kazi hivi karibuni. Tuanze na sangara, ambaye mlango wake ni mwembamba.

Kuhusu bahari, Uganda isijifanye mgeni. Iliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1990, na kifungu cha 69 kinazipa nchi zisizo na pwani haki ya kushiriki kwa usawa katika ziada ya samaki wa ukanda wa uchumi wa majirani. Sitazamii kuona meli ya uvuvi yenye bendera yetu ya korongo ikitoka bandari ya uvuvi ya Liwatoni, Mombasa. Lakini jodari anauzwa madukani kwetu na anapitia bandari za jirani zetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya na Tanzania zinapokwenda kwenye vikao vya Kamisheni kubishana na wenye meli kubwa, sauti ya jumuiya nzima ingewafaa, na sisi walaji tungekuwa na haki ya kudai kopo litaje jina la meli, pamoja na ile namba 51.

Gharama isitumike kama kisingizio. Kitabu cha stakabadhi chenye nakala tatu kinachapishwa hapa Jinja, na kila mwalo una muuza barafu anayekatia wateja risiti kila asubuhi. Viwanda vilivyobaki kandokando ya ziwa upande wa Uganda ni vichache, na mameneja wake wanafahamiana kwa majina. Wizara ikiwaita ukumbini siku moja, na Nairobi na Dodoma wakifanya vivyo hivyo na wa kwao, msimu ujao wa sangara unaweza kuanza na vyeti mkononi. Kama kuna sababu ya kutofanya hivyo, ningependa kuisoma katika ukurasa huu, imeandikwa na mtu wa wizarani.

Mkaguzi mstaafu wa samaki,
Masese, Jinja